Msimu wa Kutandaza Matuta

Kiingereza ni lugha ya watu bahili. Hivyo ndivyo Mwalimu Fabiani alivyowaambia wanafunzi wake wa darasa la sita, na aliwaambia kwa hasira, kana kwamba Waingereza walikuwa wamemwibia yeye binafsi.

"Mama akitandika shuka, sisi tuna neno lake. Akianika ulezi, neno lake. Akipaka siagi, akieneza umbea, akitandaza matuta, moto ukisambaa, maji yakitapakaa: kila jambo na neno lake. Mwingereza yeye analo moja tu, spread, analivaa kama koti moja la nyumba nzima. Leo baba, kesho mama, keshokutwa mjomba."

Watoto walicheka. Fabiani aliliandika neno ubaoni kwa herufi kubwa, akawaambia wiki nzima watakuwa nalo, maana na matumizi, mpaka liwatoke puani. Wazazi ndio walivyotaka. Zilikuwa zama za ruksa; malori ya wafanyabiashara yalikuwa yakipanda Ufipa kutoka Tunduma kufuata ulezi na maharage, na baba ambaye zamani aliuliza kama mtoto wake anajua kujumlisha, sasa aliuliza lini ataongea Kiingereza.

Ruksa hiyohiyo ndiyo iliyoondoa ruzuku ya mbolea. Mfuko wa chumvichumvi ukawa kitu cha kutazama dukani na kurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo watu wa kitongoji kile, njia ya kwenda Msanzi, walirudi kwenye kazi ya babu zao, ntumba. Masika yakiwa yanakwisha na nyasi zimefika kifuani, unazing'oa kwa jembe pamoja na mizizi, unazilaza, unazifukia kwa udongo. Tuta moja la mviringo, kisha jingine, na jingine, mpaka kilima kizima kionekane kimeota majipu. Kiangazi chote nyasi zinaoza humo ndani. Mvua za kwanza zikinyesha, unavunja matuta, unayatandaza, unamwaga ulezi juu ya udongo mweusi unaonukia. Kazi ile inavunja mgongo, na mwenye shamba huona jasho lake la msimu mzima limelala pale likisubiri mvua. Mgeni yeye ataona pori lenye vichuguu.

Steven alikuwa mgeni. Alikuwa Msukuma mrefu wa miguu, aliyepanda kutoka bonde la Rukwa, upande wa Mtowisa, malisho yalipokauka, akaja na mkewe Kabula na kundi lake la ng'ombe. Baridi ya Ufipa ilimtesa, akajinunulia mnadani koti zito la mtumba lililomfika magotini, na koti lile hakulivua hata jua la saa saba. Wenyeji walimcheka kwa koti lake, wakampa maji kwenye kisima chao. Hawakuwa na ugomvi naye.

Asubuhi moja ya Oktoba Fabiani alikutana naye njiani akienda shuleni.

"Mwangaluka, mwalimu!" Steven alipaza sauti toka mbali.

"Salama, Steven. Mbona umeamka na furaha hivyo?"

"Nimetoa shukrani, mwalimu. Mmetupa maji, mmetupa malisho, na mimi Msukuma nitoe nini? Nimewapa samadi. Ng'ombe wangu wote wamelala kwenye lile shamba lililoachwa, pale juu. Wamelala, wamekunya, wamekanyaga mpaka vichuguu vyote vimelala chini. Kwetu ukimlazia mtu ng'ombe shambani, anakuchinjia jogoo!"

Fabiani alifuata kidole chake. Kilikuwa kinaonyesha kilima cha kaka yake, Oswaldi. Pale palipokuwa na matuta palikuwa na uwanja wa vumbi, nyasi zilizooza nusu zimetapakaa juani zikikauka, na ng'ombe wamesimama juu yake wakicheua.

"Steven, nisikilize. Lile halikuachwa. Yale ni matuta, chakula cha watu kimefukiwa mle. Toa ng'ombe sasa hivi, mchukue mkeo, teremkeni bondeni leo. Usingoje hata uji."

"Kwa sababu ya samadi?" Steven alicheka kwa moyo wake wote. "Mwalimu, acha utani. Mke wangu kaenda mashineni Msanzi kusaga. Mwenye shamba akija nitaongea naye."

Fabiani alimwacha pale akakimbilia kwa kaka yake. Hakumkuta. Mlango ulikuwa wazi na jembe halikuwepo ukutani. Yowe la kwanza lilipigwa ng'ambo ya kijito, la pili likalidaka kutoka kigangoni, na wanaume wakaanza kutoka majumbani, mmoja mmoja, wawili wawili, majembe begani, wengine na mikuki ya nguruwe pori. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Mwaka ule kila mtu alikuwa na matuta yake kilimani, na kila mtu alijiona yeye ndiye Oswaldi.

Penye wengi hapaharibiki neno, ndivyo tunavyosema wenyewe. Aliyetuachia msemo huo hakuwahi kuona wengi wenye majembe.

Steven aliwaona wakipanda, akashuka kuwalaki. Hilo ndilo Fabiani hakuweza kulisahau maisha yake yote: mtu yule hakukimbia. Alidhani wamekuja kumshukuru. Alitembea kuwaelekea akiwa na koti lake, mikono yote miwili ameinyoosha mbele, kichwa ameinamisha kidogo, kama mtu mwenye adabu anavyoamkia wakubwa. Jembe la kwanza lilitua kwenye mkono mmojawapo. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Steven aliutazama mkono wake ukining'inia, akamtazama aliyempiga, akauliza kwa mshangao, "Baba, kwani nini?"

Aliyempiga alikuwa Oswaldi. "Miezi mitano!" Oswaldi alikuwa akipiga kelele, povu mdomoni. "Miezi mitano mgongo wangu! Watoto wangu watakula mavi ya ng'ombe wako?"

"Ni samadi, baba! Ni samadi!"

Walimzingira. Fabiani alifika akihema, akamrukia kaka yake mgongoni, akamkaba shingo, akimwita jina lake la utotoni. Mtu alimvuta, mwingine akampiga teke mdomoni, jino likatoka, na alipojaribu kuinuka walimkanyaga wale waliokuwa wanakimbilia mbele. Akiwa chini kati ya miguu alisikia tu. Majembe yalishuka, yakainuka, yakashuka. Steven alisema samadi mara nyingine mbili, kisha akaanza kumwita mama yake kwa Kisukuma, kisha akanyamaza, na majembe hayakunyamaza. Waliofika nyuma na hawakupata nafasi walisukuma wenzao, maana hata kuua kuna watu hawapendi kupitwa. Waliokosa mtu waliwageukia ng'ombe. Ng'ombe walichomwa mikuki mbavuni, wakakatwa mishipa ya miguu, wakaanguka wakinguruma na kupiga kwato hewani. Waliosalia walikimbilia korongoni na mikuki imewaning'inia ubavuni. Kibanda cha wageni kilitiwa moto.

Kisha kila mtu akamtazama mwenzake kama wamekutana pale kwa bahati.

Zenon, mwenyekiti wa kitongoji, ndiye aliyepata sauti kwanza. Alikuwa mtu mzima wa mvi, mwimbaji wa kwaya, na jembe lake lilikuwa jekundu kama majembe ya wengine. "Sasa," alisema. "Funika kombe mwanaharamu apite. Mtu huyu amerudi kwao bondeni na ng'ombe wake. Nani hajasikia?"

Wote walikuwa wamesikia.

Walichimba palepale, lakini udongo wa Oktoba ni mgumu kama sakafu ya kanisa, na walipofika usawa wa magoti waliona inatosha. Walimkunja na koti lake, magoti kifuani, kwa sababu alikuwa mrefu kuliko shimo. Wakamlundikia nyasi, wakamlundikia udongo, wakamfanya tuta. Halafu wakayafanya na mengine. Kutwa nzima kitongoji kizima kilifanya kazi bila pombe na bila wimbo, kila mtu akikusanya nyasi zilizotapakaa na kuzifukia upya, na jua lilipopungua kilima kilikuwa kimeota majipu kama jana yake. Hata Oswaldi mwenyewe, ukimzungusha amefumba macho, ingembidi ahesabu toka pembeni ili ajue lipi ni lipi.

Fabiani, aliyeyaona yote akiwa ameketi pembeni, alirudi nyumbani mdomo umevimba. Mkewe Rozina alimwekea ugali na kitoweo, naye akala kwa upande mmoja wa taya, kwa njaa ya mtu aliyepigwa. Alikuwa ameshameza matonge kadhaa alipotambua kwamba si maharage.

"Nyama ya wapi hii?"

Rozina aliinamisha uso. "Mwenyekiti amegawa. Kila nyumba. Aliyekataa aliambiwa aseme kwa nini anakataa."

Fabiani alitoka nje akatapika nyuma ya choo. Lakini hakuna mtu aliyewahi kutapika akawa hakula. Alilielewa hilo pale pale, ameshika ukuta, na alimchukia Zenon kwa akili yake: nyama ile ilikuwa imefunga vinywa kuliko kiapo chochote.

Mtauliza kwa nini hakwenda Sumbawanga polisi. Hata yeye alijiuliza. Lakini Oswaldi ndiye aliyembeba yeye mgongoni siku baba yao alipofariki, ndiye aliyeacha shule ili mdogo wake asome, ndiye aliyekuwa akimletea viazi seminarini kwa miguu, mvua na jua. Ualimu wa Fabiani ulitoka kwenye jembe lile lile. Damu ni nzito kuliko maji, watu husema, na hawasemi ukiwa nayo mikononi unafanyaje.

Kabula alirudi toka Msanzi na unga kichwani, akakuta majivu.

Hakulia mbele ya watu. Alitua ndoo ya unga, akazunguka majivu, akaokota sufuria iliyopinda, akaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Mume wangu yuko wapi? Kila nyumba ilimjibu kwa upole, maana Wafipa ni watu wa upole: ameteremka bondeni, mama, aligombana na watu kidogo akaondoka na ng'ombe. Ameniacha mimi? Wanaume, mama, si unawajua. Nyumba zote zilinuka nyama aliyoijua.

Kabula alikwenda polisi mjini, askari wakapanda na gari, wakatazama majivu, wakatazama kilima cha matuta yaliyojipanga vizuri, wakamuuliza Zenon, wakanywa maziwa, wakamwambia Kabula mtu mzima hawezi kuitwa maiti bila maiti. Waliondoka. Kabula alibaki. Alilala kwenye baraza la kigango, na mchana akatembea.

Zilipopita siku kadhaa mbwa walianza kupanda kilimani. Walizunguka mahali pamoja, wakinusa, wakikwangua kwa miguu. Oswaldi aliwaua. Alianza na wa kwake, mbwa aliyemlea toka mdogo, akampasua kichwa kwa shoka mlangoni, kisha akazunguka kitongoji akiwaua mbwa wa watu, na watu waliwashika mbwa wao wenyewe ili awapige. Usiku ukawa kimya kabisa. Oswaldi akaacha kula. Fabiani alipokwenda kumwamkia, "Shikamoo, kaka," Oswaldi hakuitikia marahaba, alimwambia tu, "Ukifungua mdomo, mwalimu, nitakuua. Nitalia, lakini nitakuua."

"Najua, kaka," alisema Fabiani. Alijua kweli, na alimwonea huruma, na alimwogopa.

Katika siku hizo ndipo Kabula alipofika shuleni. Watoto walikuwa wanaimba mfano wao wa siku, wote pamoja, kwa ile sauti ya kuvuta: The farmer spreads the soil. Fabiani aligeuka ubaoni akamwona dirishani, shuka la bluu kichwani, midomo imepasuka kwa baridi. Akatoka nje.

"Wanaimba nini, mwalimu?"

"Si wimbo, mama. Ni Kiingereza. Wanasema mkulima anatandaza udongo."

"Udongo gani unatandazwa?"

Ulimi ulimtangulia. Ndiyo kazi ya mwalimu, ukimuuliza swali anajibu kwanza halafu anafikiri. "Wa matuta. Yale ya vilimani. Mvua zikianza tunayavunja yote, tunayatandaza shamba lote, ndipo tunapanda ulezi."

Kabula aligeuka akatazama vilimani. "Yote?"

"Ndiyo desturi," alisema Fabiani.

"Mimi nilidhani ni ya kukaa. Tulipofika Steven aliniambia ni vichuguu, mimi nikamwambia ni makaburi. Alinicheka sana." Alimtazama Fabiani mdomoni, kwenye pengo jipya. "Mwalimu, mimi sitaki mtu afungwe. Kufungwa kwa mtu hakunipikii. Nikirudi Mtowisa bila yeye, ndugu zake watasema nimemuuza pamoja na ng'ombe, nao hawatauliza mara mbili. Na yeye atakuwa amelala wapi, kama mzoga? Nataka kumzika mume wangu. Basi."

Fabiani alifungua mdomo. Kisha akaona kwa mbali kofia ya Oswaldi ikipita nyuma ya ua wa mkonge, ikisimama, ikisubiri. Akaufunga.

"Basi nitangoja mvua," alisema Kabula.

Toka siku ile hakutembea tena nyumba kwa nyumba. Aliketi ukingoni mwa shamba la Oswaldi, kwenye jiwe, akitazama kilima. Watu walipita mbali. Zenon alimpelekea chakula, hakukila.

Mvua zilikuja katikati ya Novemba, kwa radi na upepo, na udongo ukalainika. Hapo ndipo kitongoji kilipoona mtego kilioutega chenyewe. Shamba lisipotandazwa, kila apitaye atauliza kwa nini. Likitandazwa, jembe litamkuta. Zenon aliitisha watu, pombe ya ulezi ikapikwa kama kawaida ya kazi ya ujima, na likatoka neno: shamba lote litatandazwa ila pembe ya juu. Ile pembe itaachwa na matuta yake, eti ni ya kupanda viazi. Viazi! Kwenye shamba la ulezi! Lakini kila mtu alikubali kwa kichwa, na pembe ile ilikuwa na matuta mengi ya kutosha kumficha mmoja.

Siku ya kazi Kabula alikuwa ameketi jiweni, shuka lake limelowa. Wanaume kwa wanawake walipanda safu moja toka chini, majembe yakipiga pamoja, matuta yakipasuka na kumwaga weusi wake, na harufu nzuri ya nyasi zilizooza ikajaa kilima. Kabula alitazama kila tuta lilipofunguliwa. Kila mara shingo yake ilinyooka, kisha ikalegea. Saa ziliyoyoma. Walifika mpaka wa pembe ya juu, wakafuta majembe, wakakaa chini, wakaanza kunywa.

"Imekwisha," Oswaldi alisema kwa sauti ya kusikika. Alimwambia Kabula moja kwa moja, kwa mara ya kwanza. "Umeona mwenyewe, mama. Sasa nenda kwenu."

Kabula aliitazama pembe ile. "Na haya?"

"Haya ni ya viazi."

Fabiani alikuwa amekaa na wenzake, kibuyu mkononi. Alikuwa ameapa kwa nafsi yake kwamba hatasema neno, na hakusema. Alikiweka kibuyu chini, akachukua jembe, akaenda pembe ya juu, akapiga tuta la kwanza.

Lilifunguka. Nyasi na udongo. Alilitandaza vizuri, kwa mikupuo mirefu, akasogea kwa la pili.

"Mwalimu," Oswaldi aliita. "Mwalimu, acha."

La pili nyasi na udongo. La tatu. Watu walisimama, lakini hakuna aliyesogea. Kwa majuma mengi hakuna mguu uliokuwa umekanyaga pembe ile, na miguu yao ilikataa. Oswaldi peke yake ndiye aliyekwenda. Alimshika mdogo wake bega, akamgeuza, akampiga ngumi. Fabiani alianguka, akainuka, akapiga tuta jingine. Oswaldi alimpiga kwa mpini mgongoni, mara kwa mara, kwa kilio, machozi yakimtoka na kamasi, akisema, "Acha, acha, mtoto wa mama, acha," na Fabiani alitandaza na kupigwa, akatandaza na kupigwa, damu ya kichwani ikimwingia machoni hata akawa anayatafuta matuta kwa kupapasa. Mpini ulishuka kwenye mkono wake wa kushoto, mkono ukavunjika juu ya kiwiko. Alipiga yowe. Kisha akalishika jembe karibu na chuma, kwa mkono mmoja, kama mtoto, akaendelea.

"Unatuua sote!" Zenon alipiga kelele. "Mwalimu, unatuua sote, ujue!"

Baada ya maneno hayo Kabula aliinuka jiweni.

Fabiani alifungua tuta la mwisho aliloweza, akaanguka kifudifudi juu yake. Shamba lote sasa lilikuwa limelala chini, jeusi, tambarare, toka kijitoni hadi mwambani. Katikati ya pembe ya juu lilisimama tuta moja. Hakuwa ameligusa. Wala hakulitazama, na hakuna mtu aliyelitazama. Macho yote ya kitongoji yalikuwa yamegeukia mawinguni, kijitoni, miguuni mwao wenyewe. Kabula hakuhitaji kuonyeshwa zaidi ya hapo.

Alipita katikati ya watu akiinua shuka lisishike matope. Walimpisha. Alipiga magoti, akaingiza mikono kwenye udongo laini, akaanza kuutoa, akiuvuta mapajani kwake, akiutupa nyuma. Oswaldi alisimama juu yake, jembe limeinuliwa kwa mikono miwili. Fabiani alimwona kutoka chini kwa jicho moja na hakuweza kuinuka. Alijaribu kuita na damu ikamjaa mdomoni.

Oswaldi aligeuza kichwa kuwatafuta wenzake. Wale waliosema tuko pamoja, wale walioshika mbwa wao ili awaue, walikuwa wanaondoka. Hawakukimbia. Waliondoka kama watu waliokumbuka shughuli, huyu akishuka kijitoni, yule akielekea kwake, mwingine akikata nyuma ya mwamba, kila mmoja na njia yake, hakuna aliyemsemesha mwenzake. Zenon alitangulia. Vibuyu vilibaki palepale vimejaa. Muda mfupi tu kilima chote kilikuwa na watu watatu na yule aliyekuwa ardhini.

Pindo la koti lilitokea. Kabula alilifuta udongo kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso, na hapo ndipo alipotoa sauti, sauti moja ndefu iliyotoka tumboni, iliyowafikia hata waliokuwa wameshafunga milango. Kisha akanyamaza, akaendelea kuchimba mpaka akakipata kichwa, akakilaza mapajani.

Hakumtazama Oswaldi usoni. Alikuwa anajua kwamba jembe liko juu yake, na alikuwa anajua ni jembe la nani.

"Baba," alimwambia, "ana miguu mirefu, peke yangu siwezi. Shika huko miguuni."

Oswaldi alishusha jembe, akaliachia likaanguka, akazunguka upande wa pili, akapiga magoti matopeni, akashika miguu.